Makaratasi ya Nambale

Nianze kwa kujishitaki mwenyewe. Nilipokuwa kijana wa miaka 19, bibi yangu mzaa baba alifariki hapa Mombasa akaacha, chini ya kitanda chake cha samadari, mkoba wa ngozi uliojaa makaratasi yaliyoandikwa kwa hati za Kiarabu. Wakubwa walikuwa wameshughulika na matanga na mirathi ya vitu vinavyoonekana: nyumba, minazi, bangili. Mkoba hakuna aliyeutaka. Mimi nikauchukua nikaupeleka kwa mchuuzi mmoja wa vitu vya kale, akanipa fedha iliyotosha jozi ya viatu. Viatu vile nilivivaa Idi moja tu. Mwaka wa tatu yake likazuka jambo la mpaka wa kiwanja, na mzee wa upande wa pili akauliza swali moja: "Waraka wenu uko wapi?" Hatukuwa na jibu, na kiwanja hatunacho mpaka leo.

Ndiyo maana nikisikia kuwa mtu fulani ana sanduku la makaratasi, popote alipo, hufunga safari. Safari hii sanduku lilikuwa Nambale.

Msomaji wa pwani ataniuliza, Nambale ndiyo wapi? Ni mji mdogo wa Wakhayo, katika barabara itokayo Busia kwenda Mumias, karibu na mpaka wa Uganda. Ukifika Busia utayaona malori yamejipanga yakingoja kuvuka, na vijana wa bodaboda, ambao jina lao lilizaliwa huko huko mpakani, enzi za baiskeli zilizokuwa zikiwavusha watu kutoka kituo cha nchi moja hadi cha nchi ya pili. Ukiupa mpaka mgongo, ukapita mashamba ya miwa, muhogo na mahindi, utafika Nambale kabla hujachoka. Wala usidhani ni ugenini. Mumias, zamani ikiitwa kwa Shundu, ndipo ilipokuwa ikipumzika misafara ya watu wetu wa pwani ikielekea Buganda, na ndipo Uislamu uliposhika mizizi mapema katika nchi ile. Hata mpaka wenyewe ni mgeni mbele ya misafara. Mpaka mwaka 1902 sehemu ile yote ilihesabiwa kuwa mkoa wa mashariki wa Uganda. Ndipo Waingereza wakaihamisha kwa kalamu, watu wakalala nchi moja wakaamkia nyingine bila ya kunyanyua mguu.

Mwenyeji wangu ni mzee wa miaka themanini hivi. Jina lake nitalihifadhi, na sababu mtaiona mbele. "Mulembe," akanipokea mlangoni, kisha alipohisi kofia yangu kwa mkono akaongeza salamu ya dini. Nasema alihisi kwa mkono kwa sababu macho yake yote mawili yameingia mtoto wa jicho, la kushoto likiwa limezidi. Mkewe alituandalia kuku na ugali ule mweusi wa wimbi na muhogo, na mpaka tuliponawa mikono sanduku halikutajwa. Huko nako watu wana adabu zao.

Lilikuwa sanduku la bati, la namna wanayokwenda nalo watoto wa shule za bweni. Kufuli lilikuwa limekwisha kufa kwa kutu, likafunguliwa kwa patasi.

Juu kabisa palikuwa na hati mbili za hisa za kampuni ya dhahabu iliyosajiliwa London katika miaka ya thelathini. Uzuri wake sikuweza kuuficha: karatasi nzito kama kitambaa, pambizo ya kijani iliyochorwa kwa mistari myembamba iliyosukana kama mkeka wa Lamu, muhuri uliogandamizwa ukaacha uvimbe. Nikamuuliza mzee, marehemu baba yako alikuwa na hisa? Akacheka mpaka akakohoa. "Maalim, baba alikuwa karani. Mgodi ulipofungwa makaratasi ya ofisi yalichomwa, yeye akaambiwa asimamie moto. Alisimamia kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akachukua."

Hapa ni lazima nieleze dhahabu hiyo ilikuwa dhahabu gani. Mwaka 1931 mlowezi mmoja wa Kimarekani aliyekuwa na shamba huko Turbo, L. A. Johnson, alipata dhahabu Kakamega. Bei ya mahindi ilikuwa imeanguka dunia nzima, walowezi wamefilisika, na habari ile ikawa kwao kama mvua katika kiangazi. Wakamiminika kwa mamia, wakapiga vigingi kila penye kijito. Sasa, mwaka 1930, yaani mwaka mmoja tu kabla ya hapo, serikali ya kikoloni ilikuwa imepitisha sheria ya amana ya ardhi za wenyeji, ikiahidi kwamba ardhi hizo ni zao daima, na kikitwaliwa kipande wapewe kipande kingine mfano wake. Dhahabu ilipoonekana ahadi ile ikawa nzito. Desemba 1932 sheria ikageuzwa: ardhi yaweza kutwaliwa kwa uchimbaji bila ya kutolewa ardhi nyingine, fidia ya fedha yatosha. Daima yao ilikuwa ya miaka miwili. Katika migodi yote uliovuma zaidi ni Rosterman, nao ulifungwa mwaka 1952, ijapokuwa mpaka leo wako vijana na akina mama wanaoosha mchanga kwa karai pale pale.

Chini ya hati za hisa palikuwa na vitu visivyopendeza machoni. Palikuwa na kadi za tikiti zimefungwa kwa kamba ya katani. Hizi vijana wetu hawazijui. Kibarua wa tikiti aliandikiwa siku 30 za kazi, na kila siku aliyoifanya ikatiwa alama. Siku ya mvua au ya homa haikuhesabiwa, kwa hiyo mwezi wake ulikuwa mrefu kuliko mwezi wa mbinguni. Palikuwa na daftari la mishahara, mistari yake imejaa majina ya Waluhya na Wajaluo kwa tahajia ya Mzungu asiyejua kutamka, na mbele ya kila jina alama ya dole gumba. Na palikuwa na stakabadhi moja ya fidia ya kibanda na migomba, aliyopewa mjomba wa mzee upande wa Kakamega. Maji yalikuwa yameipitia. Kiasi cha shilingi kimefutika, dole gumba limebaki, jeusi, kila mstari wa ngozi waonekana.

Nilikaa na karatasi ile muda mrefu kuliko zote.

Asubuhi ya pili akaja mnunuzi kutoka Nairobi, kijana mpole mwenye elimu ya kazi yake, na nakiri nilikuwa nimejiandaa kumchukia nikashindwa. Alivaa glavu nyeupe kabla ya kugusa kitu. Alinieleza kwamba huko Ulaya na Marekani kukusanya hati za hisa zilizokufa ni mchezo wa watu wazima wenye mali. Ulikosa hata jina mpaka mwaka 1978, gazeti la The Times la London liliposhindanisha wasomaji wake wautafutie moja. Wamarekani ndio wenye wazimu zaidi. Kampuni za dhahabu na fedha zilizozaliwa baada ya machimbo ya California mwaka 1848 na ya Comstock kule Nevada mwaka 1859 nyingi zilikufa hata mwaka hazikumaliza, lakini hati zao, hundi zao na barua za benki zao ndogo za mpakani leo zauzwa kwenye mnada. Hati ya Standard Oil yenye saini ya John D. Rockefeller hugombewa. Ajabu yake ni kuwa kampuni ilikuwa mufilisi, na kaburi lake ndilo lenye thamani.

Nikamuuliza watu hao hutafuta nini. Akahesabu kwa vidole: picha, saini ya mtu mkubwa, karatasi isiyokunjwa, na uchache. Nikamwonyesha daftari la madole gumba. Akalifunua kwa adabu kurasa mbili, akalifunga. "Hili halina soko, Mzee wangu. Halina picha."

Tukapita kwenye fedha na benki, na hapa mzee alichangamka, kwani ndiyo kazi aliyoila maisha yake yote: alikuwa mbadilishaji fedha Malaba. Anasema benki za nchi ile zilianza kwa ajali, akakisimulia kile kisa cha Eldoret ambacho huenda umekisikia. Mwaka 1912 Standard Bank ya Afrika ya Kusini ilipofungua huko, sefu ililetwa kwa gari la ng'ombe, ikaanguka, ikawa nzito watu hawana la kuifanya. Basi wakaiacha ilipoangukia, wakajenga benki kuizunguka. Sijui kama sefu inajua kuchagua mahali pazuri, lakini mji ulikua.

Alikuwa na kitabu cha akiba cha benki ya posta, ile iliyoanzishwa mwaka 1910, na ndani yake baba yake aliweka akiba kidogo kidogo kwa uaminifu wa chungu. Alikuwa na noti za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na makao yake London tangu 1919, zenye thamani kwa Kiingereza, Kiarabu na Kigujarati. Noti hizo zilitumika pande zote mbili za mpaka bila ya kubadilishwa, mpaka mwaka 1966 kila nchi ilipoanza kutoa yake. "Mimi mkate wangu ulianza siku hiyo," akasema. "Fedha zikiwa moja mbadilishaji atakula nini?" Na alikuwa na mabunda ya noti za Uganda, ya zama za Idi Amin na za baada yake, yamefungwa kwa mipira iliyokwisha kukatika. Mei 1987 Uganda ilikata sifuri mbili katika fedha yake, shilingi 100 za zamani kwa 1 mpya, na juu yake ikatoza asilimia 30. Yeye siku hizo alikuwa kitandani na homa. Alipopona muda wa kubadilisha ulikuwa umekwisha. "Nililala tajiri nikaamka nina kuni," akasema, wala hakumlaumu mtu.

Mnunuzi alichukua hati mbili za hisa na noti chache za Bodi zilizokuwa safi. Alilipa taslimu, na bei yake, kusema kweli, haikuwa ya dhuluma. Mama akazihesabu mbele yetu akasema, "Alhamdulillahi, jicho limepata." Zilikuwa zatosha kupasuliwa jicho la kushoto. Kijana akaaga. Kabla ya kutoka alikiona kitu kidogo cheusi kimening'inia juu ya mlango, akauliza ni nini. Hirizi, akaambiwa; ya babu. Akatikisa kichwa, "Hirizi hazina soko," akaenda zake.

Alasiri mzee akanigeukia. "Maalim, wewe umesoma chuoni. Hirizi ile tangu babu haijafunguliwa. Baba alisema ni kinga ya nyumba. Mimi nakaribia kuondoka, na wanangu hawataki kitu wasichokijua. Tufungulie utusomee, kama ni dua tujue ni dua ya nini." Nilisita. Si kila kilichoshonwa ni cha kufumuliwa. Lakini mwenye nyumba ndiye mwenye amri, na Mama alikwisha leta wembe.

Ndani ya kitambaa palikuwa na karatasi moja, imekunjwa mara nane, wino umegeuka rangi ya chai. Baada ya Bismillahi nikaona neno la dali, ya na nuni, nami kwa kuwa nimekwisha ambiwa ni hirizi nikasoma "dini". Wenzangu mliopita chuoni mnajua kuwa katika hati zetu dini na deni huandikwa namna moja. Msomaji ndiye atakayepambanua kwa kinachofuata. Kilichofuata ilikuwa "rupia".

Nikanyamaza, nikaanza upya kimoyomoyo. Haikuwa dua. Ilikuwa Kiswahili kitupu kwa hati za Kiarabu, mwandiko wa mtu wa pwani, kalamu ya mtete iliyochongwa vizuri. Mtu fulani bin fulani, naye ndiye babu wa mwenyeji wangu, akiri kwa hiari yake na akili zake timamu kwamba analo deni kwa fulani bin fulani wa Mombasa, mwenye duka Mumias: rupia sitini, bei ya majora ya marekani na chumvi, kwa biashara, muda wa miezi minne. Mashahidi wawili. Rajabu 1327, ambayo ni mwaka 1909.

Hizo ndizo zilizokuwa benki za bara kabla sefu ya Eldoret haijaanguka. Tippu Tip mwenyewe aliingia bara kwa mali ya mkopo wa Taria Topan wa Unguja, na nyaraka za namna ile zimehifadhiwa mpaka leo katika Nyaraka za Taifa kule Kilimani, Zanzibar. Mfanya biashara wetu hakuhitaji jengo. Alihitaji karatasi, kalamu na watu wawili wa kushuhudia, kama ilivyoagizwa katika aya ya deni, iliyo ndefu kuliko aya zote za Kurani. Chuoni tulikuwa tukiiogopa kwa urefu wake, na kila aliyekwama hapo alijua bakora ya maalim iko wapi.

Nilimsomea mzee neno kwa neno. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipomaliza akauliza jambo moja: "Nyuma?"

Nikaigeuza. Nyuma palikuwa na mstari mmoja: rupia kumi zimefika. Na chini yake peupe.

"Endelea," akasema.

"Mzee, hakuna la kuendelea."

Sasa mtu wa hesabu atasema kwamba huenda babu alilipa na asiandikwe. Yawezekana. Lakini desturi ilikuwa deni likilipwa waraka huchanwa au huandikwa nyuma, na huu haukuchanwa. Vipi ukawa mikononi mwa mdaiwa badala ya mdai, hilo nimelitafakari usiku kucha sikulimaliza. Pengine ni nakala yake, pengine mwenye duka aliondoka kwa haraka. Mzee yeye hakutaka pengine. Alisema, "Babu yangu amelala na rupia hamsini za watu miaka yote hii, na sisi tumezitundika mlangoni tukizitegemea zitulinde."

Tukapiga hesabu. Mwaka 1920 rupia moja iligeuzwa florini moja, na haikupita miaka miwili florini moja ikawa shilingi mbili. Kwa jedwali la serikali, basi, rupia 50 ni shilingi 100, ambazo leo kilo ya sukari zitakuangalia tu. Mzee alicheka kwa dharau. Maisha yake yote alibadilisha fedha, hawezi kudanganywa na jedwali. Rupia ya zama zile, akasema, ilikuwa fedha kwelikweli, kwani watu wetu hawakuita fedha fedha kwa mzaha. Kila rupia ilikuwa na zaidi ya gramu 10 za fedha safi. Hamsini zinapita nusu kilo. Deni la fedha iliyokwisha kufutwa hulipwa kwa idadi au kwa thamani? Wanavyuoni wamelijadili tangu zamani, na nilimwambia si mimi wa kumfungia mjadala huo. Akasema yeye ameshaufunga.

Akamwambia mkewe alete zile fedha za hati za hisa. Akazigawa mafungu mawili kwa kupapasa, upesi, kama alivyokuwa akifanya Malaba. Fungu moja, lililo kubwa, akalitia katika bahasha.

"Mzee, na jicho?" Mama akauliza.

"Jicho ni langu," akajibu. "Hizi si zangu."

Mama alitoka akaenda jikoni, na jioni ile hatukuongea mengi. Nilimweleza mzee kwamba daftari la mishahara na ile stakabadhi ya mjomba vingefaa kuwekwa katika Nyaraka za Taifa, Nairobi, ambazo, kwa kichekesho cha dunia, zimo ndani ya jengo lililokuwa la Bank of India. Akaniuliza mjukuu wa kibarua wa Kakamega atakwenda kulitazama dole la babu yake kwa nauli gani. Tumekubaliana lipigwe picha kurasa zote, picha ziende Nairobi, daftari libaki Nambale. Nimezipiga mwenyewe kwa simu, na nyingine zimetoka na kivuli cha kidole changu.

Waraka wa rupia amenikabidhi mimi, mtu wa Mombasa. Hakujua habari ya ule mkoba wa bibi yangu, nami sikuwa na uso wa kumwambia.

Basi nawaombeni wazee wa Mji wa Kale na vitongoji vyake. Kama babu au babu mkuu wenu alikuwa na duka Mumias katika zama za rupia, akikopesha majora na chumvi kwa watu wa huko, njooni ofisini mwa gazeti hili mniulize. Jina la mdai sikulitaja, wala mtaa wake ulioandikwa, wala majina ya mashahidi, kwa kuwa mrithi wa haki ndiye atakayenitajia mimi. Bahasha iko Nambale, imefungwa, juu ya mlango pale pale ilipokuwa hirizi. Jicho la kushoto bado halijapasuliwa.